Shafti ya kwanza iling'aa

Mimi ni kijana wa miaka 26, nafanya kazi na vijana hapa Rwamwanja. Wengi mnanijua kwa mambo ya mpira na mikutano ya Jumamosi, siyo kwa mambo ya chuma. Lakini watu 16 wa kikundi chetu cha bustani kule bondeni wanajua kwamba niliwahi kuwaharibia shafti ya pampu, na wanajua ilikuwa bei gani, kwa sababu pesa ilitoka mifukoni mwao. Nitaandika juu ya hiyo shafti. Aibu yake bado iko karibu.

Pampu yetu ni ile ya kuzungushwa kwa mkanda, injini ya petroli inakaa pembeni. Ndani yake kuna shafti moja inayoshikwa na beringi mbili, na katikati kuna mpira wa kuzuia maji yasitoke, mafundi wanauita sili. Shafti ya zamani ilikuwa chuma cha kawaida. Maji ya bondeni yaliila, ikashika kutu, na pale sili inapogusa pakatokea mfereji unaoweza kuusikia kwa ukucha. Kila sili mpya tuliyoweka ilikaa wiki mbili, halafu maji yanaanza tena kuchuruzika. Kiangazi kile tulipoteza nyanya karibu zote, lengalenga ndiyo ilivumilia.

Basi tukakubaliana tutengeneze shafti ya stenlesi, kule Kongo tunasema inoksi. Kila mtu alitoa shilingi 5,000. Ikawa 80,000. Dereva mmoja akatuletea kipande cha kipenyo cha milimita 25 kutoka Katwe ya Kampala, kwa mafundi wa vyuma. Nasema Katwe ya Kampala kwa sababu Uganda ina Katwe zaidi ya moja, na ile nyingine, ya Kasese, kwenye ziwa la chumvi, nitairudia.

Nani angeikereza? Mimi, bila shaka. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimemaliza kozi ya miezi 6 iliyolipwa na shirika moja, na siku ya vyeti tulipewa kila mmoja sanduku la vifaa. Ndani ya langu kulikuwa na visu 10 vya kukereza, vya kabaidi, vimepakwa rangi ya buluu, vizuri kama peremende. Nilikuwa na kila kitu isipokuwa mashine. Mashine nilijua iko wapi: Kinyamaseke.

Kwa wasioijua, Kinyamaseke ni senta iliyo kwenye barabara ya lami inayotoka Kikorongo kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe. Jua kali, malori ya Kongo, vumbi. Tulipovuka kutoka upande wa Beni, kabla ya kuja huku kambini, tulikaa kwa shangazi yangu pale zaidi ya mwaka. Sisi ni Wanande, wenyeji ni Wakonzo, lugha inasikilizana kiasi kwamba mtu akikuambia wasingya huhitaji mkalimani kujua amekushukuru. Nyuma ya duka alilokuwa akiuzia shangazi, mzee mmoja alikuwa na karakana yenye mashine kuukuu ya kukereza. Alijifunza kazi kwenye karakana ya mgodi wa shaba wa Kilembe, kabla uchimbaji haujasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kiswahili chake ni kile cha mgodini, hakijali sarufi, na kinafika haraka.

Nilimkuta anatoka kwenda msibani Kisinga. Akaniambia, "Mwana wetu, ngoja kesho." Mimi nilikuwa na nauli ya siku moja na kiburi cha cheti. Nikamwomba aniachie ufunguo. Aliniangalia, akaangalia sanduku langu, akaniachia.

Kilichofuata nitakieleza polepole, maana kosa langu halikuwa moja.

Nilichagua kisu kipya kuliko vyote. Nilidhani kipya ndiyo kikali. Nikafunga chuma, nikawasha mashine, na kwa sababu niliogopa kuharibu mali ya watu, nikawa nakata kidogo kidogo sana, milimita 0.02, tena 0.02. Chuma kikaanza kulia. Siyo mlio wa kukatwa, ni mlio wa kuteswa, kama breki za lori likishuka Kikorongo. Uso wake ukatoka umechanikachanika, una magamba kama samaki. Nikapunguza zaidi, kikalia zaidi. Mara umeme ukakatika, kisu kikiwa bado kimegusa chuma, kikaacha pete pale pale. Umeme uliporudi nilisukuma kwa nguvu ili niivuke ile pete, na ncha ya kabaidi ikamegeka. Nikachukua kisu cha pili. Nilipopata kipimo nilikuwa nimetumia visu vitatu.

Kisha nikafanya jambo baya kuliko yote hayo. Nilichukua msasa, nikasugua shafti ikizunguka, huku napeleka mkono mbele na nyuma, mpaka iking'aa. Bana, iling'aa. Niliweza kuona meno yangu ndani yake. Niliipeleka kambini imefungwa kwenye gazeti, tukaifunga ndani ya pampu, tukapiga picha, na mtu wa shirika akaniambia hongera.

Ilivuja siku ya 9. Tulipofungua, mdomo wa sili ulikuwa umeliwa kama umepitishwa kwenye kikwaruzo cha muhogo. Beringi moja nayo ilikuwa inacheza.

Ningeweza kusema ni sili mbovu. Hakuna aliyekuwa na njia ya kujua. Vijana wawili walishaanza kusema hivyo kabla yangu, "Vitu vya siku hizi ni feki." Nilikaa kimya usiku mmoja. Asubuhi nikamwendea mama mwenyekiti wetu akiwa anapalilia, nikamwambia ni mimi, sili haina kosa. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Mwanangu, unajua ulikosea wapi?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi nenda ukajue kwanza, halafu tutaongea juu ya pesa." Nilirudi Kinyamaseke na ile shafti kwenye mfuko.

Mzee aliipokea, akaigeuza juani, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwa urefu wake. Kisha akacheka kidogo. "Wewe nasugua," alisema. "Hapana kata."

Nilikaa kwake wiki tatu, nikilala kwa shangazi. Nitaandika nilichokielewa, kwa maneno yangu, kwa sababu hapa kambini kuna vijana wengine wenye sanduku kama langu.

Stenlesi siyo chuma kigumu unapokianza. Kinakuwa kigumu kwa sababu yako. Kila ukikisugua bila kukikata, ngozi yake ya juu inakomaa, na kisu kinachofuata kinakutana na ngozi iliyo ngumu kuliko ya mwanzo. Ndiyo maana uoga wangu wa 0.02 uliniponza: kisu hakikuingia chini ya ngozi, kilikuwa kinaikomaza tu. Mzee mkato wake wa mwisho unakuwa 0.2 au 0.3, mara moja, bila kusimama njiani. Umeme ukionekana unachezacheza, haanzi mkato.

Pili, kinashika joto. Chuma cha kawaida kinapitisha joto haraka likaenda zake. Stenlesi inapitisha kama theluthi moja tu ya hapo, kwa hiyo joto linabaki pale pale penye makali. Na ni chuma chenye kunata. Vipande vyake vinajibandika kwenye ncha ya kisu, vinatengeneza donge, na kuanzia hapo anayekata ni lile donge. Halina makali. Linang'ang'ania, linachana, linabanduka, linaanza upya. Yale magamba ya samaki ndiyo hayo.

Sasa kisu. Kabaidi siyo mbaya, naomba nieleweke. Ila inapenda kasi. Kwa stenlesi inataka uso wa chuma upite mbele yake mita 100 na zaidi kwa dakika. Kwenye kipande cha milimita 25 hiyo ni mizunguko kama 1,300 na zaidi. Mashine ya mzee, gia yake ya juu ilivunjika zamani, mwisho wake ni 600, yaani mita 47 hivi. Kwa kabaidi ni mwendo wa kobe, na kwenye mwendo wa kobe donge linajenga nyumba. Tena ile rangi ya buluu ina maana yake: buluu ni ya chuma cha kawaida, nyekundu ni ya chuma cha kusubu, njano ndiyo ya stenlesi. Nilikaa na sanduku lile mwaka mzima nikidhani ni urembo.

Na makali yenyewe. Visu vile vilitoka dukani na makali butu kidogo, ya kuvumilia kazi nzito. Unaweza kuvinoa, lakini vinataka jiwe la kijani. Jiwe la kawaida la kijivu linavichoma tu, halafu ukivitumbukiza majini vikiwa moto vinapasuka.

Mzee alifungua kopo la maziwa ya unga, akatoa kipande cha chuma cha haispidi, cheusi, kifupi kama kidole changu cha mwisho. Kina kobalti ndani, asilimia 8, ndiyo inayokifanya kisilainike kikipata moto. Nilimwambia kobalti nyingi duniani inatoka kwetu Kongo. Akaniambia hata Kasese walikuwa wanaitoa kwenye mabaki ya Kilembe, nisijivune. Na hata kabaidi, unga wake wa tangsteni umeshikanishwa kwa kobalti. Nilikaa nikiwaza hilo muda mrefu kuliko alivyotaka, akanigonga begani.

Tulikinoa siku mbili. Uso wa juu tuliupa mteremko unaoshuka kutoka kwenye makali, ili uzi wa chuma uteleze na kuondoka usipate pa kubandika. Pua ya kisu tuliifanya mviringo mdogo. Halafu, hapa ndipo kazi ilipo, tukakiondoa kwenye jiwe la kuzunguka na kukimalizia kwa kinoo chenye mafuta, kwa mkono, mpaka mikwaruzo yote ya jiwe ikapotea kwenye makali. Kwa sababu mikwaruzo ya kisu inahamia kwenye shafti. Ukitaka kujaribu, weka makali juu ya ukucha bila kubonyeza. Yakiteleza, rudi kwenye kinoo.

Juu ya mviringo wa pua na mwendo wa kisu, mzee alinieleza kwa jembe. Ukilima na jembe lenye ncha ya duara, kati ya mfereji na mfereji panabaki tuta. Ukisogea hatua ndogo, matuta yanakuwa mafupi. Baadaye nilipiga hesabu mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hesabu za sekondari zikanisaidia kitu: kisu kikisogea milimita 0.2 kwa kila mzunguko, na pua yake ni duara la nusu kipenyo cha 0.4, matuta yanabaki na kimo cha maikroni 12 na nusu. Sogea 0.1, yanashuka mpaka 3. Ukipunguza hatua nusu, tuta linapungua mara nne. Unaweza pia kuikuza pua, ukaiweka 0.8, ukapata nusu ya hiyo 3. Lakini pua nene inasukuma chuma pembeni, na shafti nyembamba ikisukumwa inatetemeka, na mtetemeko unaandika mawimbi mabaya kuliko matuta. Kwa hiyo tulibaki na ile ndogo, tukashika mwisho wa shafti kwa kichwa cha nyuma cha mashine, na kisu tukakitoa kidogo tu kwenye kishikio chake.

Urefu wa kisu tuliupima kwa rula ya chuma. Unaibana kati ya ncha na kile chuma cha duara. Ikisimama wima, kisu kiko katikati sawasawa, ikiinama hakijakaa vizuri. Nilipenda hiyo. Haina gharama yoyote.

Mafuta tulitumia mawese, yameyeyushwa na kuchanganywa na oili safi kidogo. Mafuta ya kula yanashika chuma vizuri kuliko oili peke yake. Karakana nzima ilinuka sombe ya nyumbani, na nilipata njaa na huzuni kwa wakati mmoja.

Mizunguko 240 kwa dakika. Baada ya ile kelele ya mara ya kwanza, sikuamini ukimya ule. Uzi ulitoka mrefu, wa kung'aa, ukijikunja kama nywele za kusuka. Tunauvuta kwa ndoano, hatuushiki kwa mkono, mzee ana kovu linaloeleza kwa nini.

Beringi iliyokuwa inacheza nayo ilikuwa kosa langu. Nilipima shafti ikiwa ya moto. Stenlesi inavimba kwa joto kuliko chuma cha kawaida. Kwenye kipenyo cha milimita 20, ikiwa na nyuzi 60 zaidi, inadanganya kwa milimita 0.02. Inapoa, inakonda, beringi inalegea. Mzee anapima, anakunywa chai, anapima tena.

Na ule msasa wangu? Kisu kikipita kinaacha mfereji mmoja mrefu unaozunguka shafti kama nyuzi za bolti, hata usipouona. Mimi nilivyopeleka mkono mbele na nyuma niliongeza mifereji mingine ya mzunguko. Shafti ikigeuka chini ya mdomo wa sili, mfereji wa namna hiyo unakuwa parafujo, unayavuta maji na kuyatoa nje. Yaani nilikuwa nimetengeneza pampu ndani ya pampu. Mzee akimalizia sehemu ya sili, anabana msasa mpya palepale, hausogezi kwa urefu. Msasa uliosugua chuma cha kawaida hautumii, unaacha vumbi la chuma linaloshika kutu juu ya stenlesi.

Siku moja nilimuuliza kwa nini ajisumbue hivyo, si stenlesi haiozi. Akanielekeza kwa mkono upande wa ziwa la Katwe. Miaka ya 1970 Wajerumani walipewa kazi pale na serikali, kujenga kiwanda kikubwa cha chumvi. Hakikudumu, maji ya lile ziwa yaliyala mabomba. Majengo bado yapo, na wenyeji bado wanatoa chumvi kwa mikono. "Kila chuma naoza," alisema, "naanza pale iko na kidonda." Uso uliochanika unashikilia maji na uchafu kwenye vidonda vyake, na kutu inaanzia hapo.

Kipande kipya cha stenlesi nililipa mimi, kwa posho ya miezi miwili. Mama mwenyekiti alikubali bila maneno mengi, ila aliandika kwenye daftari la kikundi.

Sasa neno moja kwa ndugu zetu wa mashirika, na naliandika kwa heshima kwa sababu sanduku lile lilinipa moyo siku niliyolipokea. Mwezi uliopita nilikaa kwenye kikao cha kupanga masanduku ya mwaka huu. Orodha ilikuwa imeshachapwa. Nikauliza: hawa vijana watakereza kwenye mashine gani, na chuma gani? Kimya. Yule aliyenunua vile vya buluu hakuwa mtu mbaya, alichagua vilivyo vipya na vya bei nzuri, kama mimi nilivyochagua siku ile. Niliomba vipande viwili vya haispidi na kinoo kimoja kwa kila kijana, badala ya visu 10, na saa chache za mtu kama mzee. Wameandika pendekezo langu. Sijapata jibu.

Shafti ya pili haing'ai sana. Ina rangi ya kijivu tulivu, kama maji ya asubuhi. Imekaa ndani ya pampu tangu mvua za kwanza. Mama mwenyekiti haniamini bado, kila asubuhi anaweka kipande cha katoni chini ya pampu kabla ya kuwasha, na jioni anakiinua na kukipapasa. Ile ya kwanza aliichukua yeye. Ameichomeka ardhini nyuma ya nyumba yake, anafungia mbuzi.